Sarafu Kumi za Dobi

Mwaka 1180 mtu mmoja wa London aitwaye Josse alipita Paris akitoka kuhiji Jerusalem. Ndani ya hospitali ya Hôtel-Dieu alikuta chumba walimolala wanafunzi maskini. Alikinunua, akakiacha kiwe makazi ya wanafunzi 18, wapewe kitanda na vijisenti vya kila mwezi kutoka sanduku la sadaka. Nao, kwa zamu, wabebe msalaba na maji ya baraka mbele ya maiti wa hospitali. Josse alitoa akiwa hai. Wengi waliofuata nyayo zake walingoja mpaka kitanda cha mauti ndipo wakamwita mwandishi wa wosia. Lakini lile jambo la maiti limebaki: mwenye kuacha mali kwa mwanafunzi fukara huacha na sharti, na sharti humsema mtoaji kuliko kiasi alichotoa.

Oxford msaada ulianza kwa damu. Mwaka 1209 mwanafunzi mmoja aliua mwanamke akatoroka. Watu wa mji wakawanyonga wenzake aliokuwa akiishi nao. Mwaka 1214 mjumbe wa Papa aliutoza mji faini ya shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, pamoja na kuwalisha maskini 100 kila Sikukuu ya Mtakatifu Nicholas. Mwaka 1240 Askofu Robert Grosseteste akaagiza fedha hizo ziwekwe sandukuni katika kanisa la Mtakatifu Frideswide. Mwanafunzi alikopa bila riba na kuweka rehani, mara nyingi kitabu. Akishindwa kulipa, kitabu kinauzwa. Mausia ya miaka iliyofuata yaliongeza masanduku mengine, na wakopaji wakatakiwa kuziombea roho za waliotoa.

Cairo mwanafunzi alipewa mkate. Msikiti na chuo cha Al-Azhar kiligawanywa kwa riwaki, yaani makao ya wanafunzi, kila moja na watu wake: Wamaghribi, Washami, Waturuki, na riwaki ya Jabarti kwa Waislamu wa Pembe ya Afrika. Mashamba na maduka ya wakfu yalilipia mgao wa mikate yao. Mwanahistoria Abdurrahman al-Jabarti (1753–1825) alitoka katika ukoo ulioshika uongozi wa riwaki hiyo kizazi baada ya kizazi. Ni yeye aliyeandika kwa uchungu jinsi Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alivyotia mkono katika mashamba ya wakfu mwanzoni mwa karne ya 19. Wakfu, kwa sheria, hauuzwi, haurithiwi, hautolewi hiba. Mtawala hakuhitaji kuununua.

Pwani yetu wakfu tunaujua wa msikiti, kisima, makaburi na nyumba iliyofungwa kwa ajili ya kizazi. Wosia nao tunajua mpaka wake: theluthi, isizidi hapo, zilizobaki ni haki ya warithi. Lakini mzee wa Lamu au Unguja aliyeandika wosia mwaka 1900, akitaja chuo, alikuwa na maana ya chuo cha Kurani. Makerere ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi. Dar es Salaam ikafuata 1961. Vyuo vikuu vilipokuja, mfadhili mkubwa alikuwa serikali, na serikali ikaishia kwenye mkopo: Kenya ikaunda bodi yake ya mikopo, HELB, mwaka 1995, Tanzania ikatunga sheria ya bodi yake, HESLB, mwaka 2004. Ni sanduku la Grosseteste lile lile, ila HELB hutoza riba ya asilimia 4.

Mwaka huo huo wa 1995, Hattiesburg, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, dobi wa miaka 87 alikwenda benki kupanga mali yake. Osceola McCarty aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze shangazi yake, na hakurudi tena. Alifua nguo za watu kwa mikono zaidi ya miaka 70. Alipojaribu mashine aliiona haing'arishi, akaigawa. Hakuwa na gari wala mume wala mtoto. Kila alichopata alikipeleka benki kidogo kidogo. Ofisa wa benki alimwekea mezani sarafu 10 za senti kumi, kila moja ikisimama mahali pa sehemu ya kumi ya mali. Moja aliisogeza kwa ajili ya kanisa, tatu kwa jamaa watatu, sita zikabaki. Hizo sita zilikuwa dola 150,000 hivi, kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, zisaidie wanafunzi wasiojiweza, Weusi wakipewa kipaumbele.

Fedha zilikuwa za kutoka baada ya kifo chake, nacho kilikuja Septemba 1999. Lakini wafanyabiashara wa mji, sijui kwa kuguswa au kwa kuona haya, walichanga zao mapema, na mwanafunzi wa kwanza akapata dola 1,000 mwaka ule ule wa 1995, dobi akiwa hai. Hakudai dua wala maji ya baraka. Alichotamani ni kumwona mmoja wao siku ya mahafali.

Na chuo chenyewe kilikuwaje? McCarty aliufulia mji ambao chuo chake hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja mpaka 1965. Clyde Kennard, mkulima na askari wa zamani, aliomba nafasi tena na tena miaka ya 1950. Mwaka 1960 alisingiziwa kuhusika na wizi wa chakula cha kuku cha dola 25, akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Saratani ilimtoa gerezani mapema, akafa Julai 1963. Miaka miwili kabla ya dobi kusogeza sarafu zake, jengo la huduma za wanafunzi lilipewa jina la Kennard.