Wahindi wa Afrika Mashariki: Upendeleo wa Wachache, Deni la Wote



Sisi tunaoishi Uingereza tunajua kuwa mjini Leicester hatukosi kumkuta mzee wa Kihindi anayezungumza Kiswahili cha Mombasa au Mwanza. Watoto wetu wakiuliza amekipata wapi, aghalabu tunawajibu kwa mkato: Wahindi walikuwa matajiri, wakafukuzwa, wakaja huku. Jawabu hilo linawachanganya watu wa aina mbili ambao historia haikuwatendea sawa.

Tuanzie Unguja. Katika karne ya 19, Seyyid Said hakukusanya ushuru wa forodha mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, Bhatia wa Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Baadaye nafasi hiyo ilishikwa na Taria Topan. Mwenye forodha ndiye aliyekuwa na fedha, na mwenye fedha ndiye aliyekopesha. Tippu Tip alikopa kwa Taria kwa ajili ya misafara yake ya bara, na wenye mashamba ya karafuu waliyaweka rehani mashamba yao kwa Wahindi. Hata Masultani walidaiwa na wakodishaji wa forodha yao wenyewe.

Lakini Taria alikuwa mmoja. Nyuma yake walikuwapo wenye viduka vya bara, wakiuza chumvi na vitambaa walivyochukua kwa mkopo kutoka kwa Wahindi wenzao wakubwa. Hao hawakuwahi kukaa barazani kwa mtawala yeyote.

Waingereza walipotawala, waliwapanga watu kwa ngazi. Nyanda za juu za Kenya zilitengewa Wazungu, na Mhindi akabakiwa na biashara. Huko Uganda, viwanda vingi vya kuchambulia pamba viliangukia mikononi mwa Wahindi, naye mkulima Mwafrika akauza pamba yake kwa bei asiyoipanga. Hasira hizo zilionekana katika ghasia za 1949. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, wala hatuna sababu ya kuyaficha.

Uhuru ulipokuja, jambo kubwa likawa pasipoti. Kenya ilitoa miaka miwili ya kuomba uraia, lakini wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za 1967 za leseni za biashara na vibali vya kazi zikawabana. Machi 1968, Bunge la London likapitisha haraka haraka sheria ya kuwawekea kizuizi watu hao hao wenye pasipoti zake. Tanzania ilitaifisha mabenki 1967, na mwaka 1971 ikachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Aliyekuwa na akiba nje aliweza kuchagua siku ya kuondoka. Asiyekuwa nayo alingoja.

Uganda haikumpa mtu nafasi ya kuchagua. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90. Waliondoka na pauni 50 hivi mfukoni, na Uingereza ikapokea watu wapatao 28,000. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mjini humo. Kwenye foleni ya uwanja wa ndege tajiri na mchuuzi walionekana sawa, lakini usawa huo haukudumu. Akina Madhvani wa Kakira na akina Mehta wa Lugazi walirudi Uganda na kurejeshewa viwanda vyao vya sukari. Mwenye kiduka cha kukodi hakuwa na hati ya kudai kitu chochote.

Hapa Uingereza nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2022 hadi 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Huyo anajulikana na wote. Jayaben Desai naye aliwahi kuishi Tanzania, kisha akaja London akafanya kazi katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick. Mwaka 1976 aliongoza mgomo wa wanawake wa Kihindi, wengi wao wakitokea Afrika Mashariki, wakidai heshima kazini na haki ya chama cha wafanyakazi. Mgomo ulichukua takriban miaka miwili, na hawakushinda.

Basi watoto wakituuliza, tuwatajie Taria na mwenye kiduka, Sunak na Desai. Upendeleo wa watawala waliupata wachache, lakini deni lake lilidaiwa kwa kila aliyefanana nao.

Nanyi wasomaji mliokulia Tanga, Kisumu, Bukoba au Jinja, tuandikieni: mwenye duka wa mtaani kwenu aliondoka mwaka gani, na funguo alimwachia nani?