Harare 1992: Kuzaliwa kwa Chama cha Wataalamu wa Dini Barani Afrika

Mnamo Septemba 1992, Chuo Kikuu cha Zimbabwe jijini Harare kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kikanda wa Jumuiya ya Kimataifa ya Historia ya Dini (IAHR). Kabla ya kutawanyika, wajumbe walikuwa wameunda chama chao wenyewe: Chama cha Afrika cha Taaluma ya Dini, kinachojulikana kwa kifupi kama AASR.

Haja yake ilikuwa ya siku nyingi. Mikutano mikuu ya kimataifa ya historia ya dini ilianzia Paris mwaka 1900, na IAHR yenyewe ikaundwa Amsterdam mwaka 1950. Tangu hapo wanachama walikutana Roma, Tokyo, Marburg, Stockholm, hata Sydney, lakini Afrika hawakufika. Dini za Waafrika zilijadiliwa kumbini. Wenye dini hizo wakabaki nyumbani.

Si kwamba bara lilikosa wataalamu. Huko Ibadan, Geoffrey Parrinder alianza kufundisha somo hili mwaka 1949. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mwaka uliofuata, Okot p'Bitek wa Uganda aliwashutumu wasomi wa Magharibi kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, wala hakumsaza Mbiti. Mwaka huohuo wa 1970, wanahistoria walikutana Dar es Salaam, na makala zao zikahaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Mjadala ulikuwa moto. Kilichokosekana ni chombo cha kuwaunganisha wasomi wa Ibadan, Makerere, Dar es Salaam na Harare, waliokuwa wakisomana kwa kupitia wachapishaji wa London.

Pengo hilo ndilo AASR ililokuja kuliziba. Miongoni mwa waliokisimamisha chama walikuwamo Jacob Olupona wa Nigeria, ambaye baadaye alikiongoza akiwa rais, Jan Platvoet wa Uholanzi na James Cox, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Harare. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, waasisi hawakuwafungia mlango wageni. Walichotaka ni kwamba mwenyeji naye awe na kiti mezani na kalamu mkononi. Makala za Harare zilitoka katika kitabu mwaka 1996, chini ya uhariri wa watatu hao.

Mwaka 1995, huko Mexico City, AASR ilipokewa rasmi kuwa mwanachama wa IAHR. Miaka mitano baadaye, mkutano mkuu wa dunia ulifanyika Durban, Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mwaka 2005 urais wa IAHR ulishikwa na Rosalind Hackett, Mwingereza aliyewahi kufundisha Nigeria. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Njoro, Kenya: wanachama wa AASR walikutana Chuo Kikuu cha Egerton kuzungumzia dini, michezo na burudani.

Ndani ya chama, suala gumu zaidi limekuwa mpaka kati ya taaluma na imani. IAHR haikubali jukwaa lake litumike kutetea dini yoyote. Lakini katika vyuo vingi vya Afrika, idara ya dini huwa pia idara ya theolojia, na mhadhiri wa Jumatatu huenda ndiye aliyehubiri Jumapili. AASR haikumtaka avue joho la uchungaji. Ilimtaka afikapo mkutanoni alete ushahidi, iwe anazungumzia tambiko, msikiti au kanisa la Kipentekoste.

Zaidi ya miaka 30 baada ya Harare, nauli na viza bado humzuia msomi wa Afrika kuhudhuria mikutano ya ng'ambo. Ndiyo maana kila mkutano unaofanyika barani una uzito wake: mhadhiri kijana hupata fursa ya kusimama mbele ya wenzake, akasahihishwa na kusahihisha.