stempu: toleo, kibadala na hitilafu

stempu nomino, ngeli ya I-/ZI- (*stempu hii, stempu hizi*). Kutoka Kiingereza. 1. Kipande kidogo cha karatasi kinachobandikwa kwenye barua au kifurushi kuthibitisha kwamba gharama ya posta imelipwa. 2. Alama rasmi inayobandikwa kwenye hati au bidhaa kuthibitisha kwamba kodi imelipwa: *ushuru wa stempu, stempu za kodi za kielektroniki*.

Makala haya yanahusu maana ya kwanza, na hasa msamiati unaohitajika kueleza stempu za zamani. Mifano mingi imechukuliwa Iringa na Mbeya, kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini tawala nne za posta zilifuatana ndani ya muda usiozidi miaka hamsini, na kila moja iliacha karatasi zake, fedha zake na tahajia yake. Mwanafunzi wa historia, mtafsiri wa orodha za mnada na mwalimu aliyeletewa barua za babu wa mwanafunzi wake wote hukutana na swali moja: hiki ni nini hasa?

1. Istilahi za msingi

*Toleo* (matoleo) ni seti ya stempu zilizotolewa pamoja kwa idhini ya mamlaka ya posta. Seti moja huwa na *thamani* kadhaa.

*Kibadala* (vibadala) ni stempu ya toleo lilelile na thamani ileile inayotofautiana na wenzake kwa jambo linalojirudia: karatasi, alama ya ndani ya karatasi, idadi ya vitobo, au badiliko dogo la mchoro. Neno hili limezoeleka katika isimu kwa maana iyo hiyo, yaani sura mbili za kitu kimoja, na halina sababu ya kuachwa hapa. Wengi huandika *aina*, lakini *aina* ni pana mno. Twiga na simba ni aina mbili za picha, wala si vibadala.

*Hitilafu* ni kosa la kiwandani: chapa iliyopinduka, rangi iliyokosekana, herufi iliyorukwa. Kila hitilafu inayojirudia inaweza kuorodheshwa kama kibadala, lakini si kila kibadala ni hitilafu. Kubadilisha karatasi kwa makusudi si kosa la mtu yeyote.

*Chapa ya ziada* ni maneno, herufi au tarakimu zilizopigwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, ili itumike mahali pengine au kwa thamani nyingine.

*Alama-maji* ni mchoro uliomo ndani ya karatasi yenyewe, unaoonekana karatasi ikielekezwa kwenye mwanga au ikilazwa kifudifudi juu ya kitu cheusi.

*Vitobo* ni matundu ya pembeni yanayorahisisha kuchana. Yakishachanwa huacha *meno*. Kipimo chake ni idadi ya vitobo katika urefu wa sentimita 2. Kipimo cha 14 maana yake ni vitobo 14 katika urefu huo.

*Muhuri* (mihuri) ni alama ya posta inayogongwa juu ya stempu ili isitumike tena. Huonyesha mahali na tarehe. Stempu *hubandikwa*, muhuri *hugongwa* au *hupigwa*. Mwandishi anayesema "stempu iligongwa Iringa" amechanganya vitu viwili.

2. Soma fedha kwanza

Njia ya haraka ya kuweka stempu ya zamani katika wakati wake ni kusoma fedha iliyoandikwa. Kwa msomaji wa Kiswahili kazi hii ni nyepesi, kwani lugha imehifadhi majina karibu yote.

*Pesa.* Mwaka 1893 posta ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza kutumia stempu za Ujerumani zenye chapa ya ziada ya thamani kwa pesa. Mwaka 1896 jina *Deutsch-Ostafrika* liliongezwa katika chapa hiyo. Kufikia 1901 lilikuwa limetoka toleo lenye picha ya *Hohenzollern*, meli ya Kaiser Wilhelm II, likiwa na thamani za pesa na za rupia. Pesa 64 zilifanya rupia 1.

*Hela.* Mwaka 1905 picha ileile ya meli ilitolewa kwa fedha mpya iitwayo *Heller*. 100 zilifanya rupia 1. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno *hela*, ambalo hadi leo husikika zaidi Tanzania kuliko Kenya. Thamani ndogo za toleo hili zilikuwa 2½, 4, 7½ na 15.

*Peni na shilingi za Nyasaland.* Mwaka 1916 majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini-magharibi. Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, ilitekwa mwezi Mei, na Iringa mwishoni mwa Agosti. Kwa ajili ya majeshi hayo zilitolewa stempu tano za Nyasaland zenye sura ya Mfalme George V na chapa ya ziada N.F.

*Senti na rupia.* Tangu 1917 zilitumika stempu za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda zenye chapa ya ziada G.E.A., kifupi cha jina la Kiingereza la koloni lililotekwa.

*Senti na shilingi.* Mwaka 1922 lilitoka toleo lenye kichwa cha twiga na neno TANGANYIKA. Mwaka 1927 likafuata toleo la Mfalme George V lililotaja kwa maneno kamili kwamba nchi ni eneo la udhamini. Tangu 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Stempu za uhuru wa Tanganyika za 1961 zilibeba neno la Kiswahili UHURU.

3. Vibadala vinne vya kujifunzia

*Meli ya hela: yenye alama-maji na isiyo nayo.* Stempu za hela za 1905 zilichapwa kwanza kwenye karatasi isiyo na alama-maji, kisha kwenye karatasi yenye alama ya vijipembe vya msambamba. Kwa mbele, picha ni moja. Anayeeleza stempu hii bila kuigeuza ameeleza nusu yake. Jambo hili hutokea hata kwa wazoefu, kwa kuwa stempu nyingi zimebaki zimebandikwa.

*G.E.A.: maumbo mawili ya herufi ndani ya karatasi.* Alama-maji ya karatasi za makoloni ya Kiingereza ilikuwa taji na herufi CA zikirudiwarudiwa. Katika karatasi ya awali herufi hizo zina umbo la chapa. Katika ile ya baadaye zina umbo la mwandiko wa mkono. Stempu za G.E.A. zinapatikana kwa zote mbili. Aidha, mwaka 1922 Mpigachapa wa Serikali wa Dar es Salaam alipiga chapa ya ziada ya G.E.A. hapohapo nchini, nayo hutofautiana kwa umbo na ile iliyotangulia.

*Senti 5 ya 1935: kamba na tanga.* Stempu hii ina picha ya jahazi kwenye Ziwa Victoria. Katika mchoro wa kwanza, kamba ya upande wa kushoto haikufika kwenye tanga. Katika mchoro wa pili imeunganishwa nalo. Hiki ni kibadala halisi: mchoro ulirekebishwa. Kinaonekana kwa kioo cha kukuza tu, na mtu aliyekulia pwani, anayejua kamba ya chombo inafungwa wapi, atakiona upesi kuliko mwingine.

*Senti 20 ya Mfalme George VI: vitobo.* Katika toleo la pamoja lililoanza 1938, thamani hiyo ilitobolewa kwa vipimo mbalimbali, miongoni mwavyo 13¼ na 14. Hapa jicho halitoshi. Kipimo maalumu cha vitobo kinahitajika. Usikadirie. Tofauti ya kitobo kimoja katika sentimita 2 hudanganya.

4. Muhuri ndio ushahidi wa mahali

Toleo hueleza stempu ilitolewa na nani. Muhuri hueleza ilitumika wapi. Tofauti hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliweza kununuliwa Nairobi, Kampala au Mbeya bila tofauti yoyote ya chapa. Ukiitenga na muhuri wake, hakuna kitu ndani yake kinachoifanya kuwa ya Mbeya.

Mihuri ya wakati wa Wajerumani inahitaji ujuzi wa tahajia. Mjerumani aliandika *sch* penye *sh* yetu na *j* penye *y*. Hivyo *Aruscha* ni Arusha, *Moschi* ni Moshi, *Bagamojo* ni Bagamoyo. Mwanza iliandikwa *Muansa* na Ujiji *Udjidji*. Iringa iliandikwa *Iringa*, kwa hiyo jina lake pekee halitofautishi muhuri wa 1910 na wa 1930. Tazama tarehe na maneno *Deutsch-Ostafrika*.

Kwa Tukuyu hali ni kinyume: jina la muhuri halifanani kabisa na jina la leo. Pia kuna mtego wa ziada. *Langenburg* ya awali ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Makao ya utawala yalipohamia milimani ndipo likaja jina *Neu-Langenburg*, yaani Langenburg Mpya. Mtafsiri asiandike "Tukuyu" kwa zote mbili.

Mfano wa kufundishia: tuseme orodha ya mnada inaeleza "stempu ya hela 7½, muhuri wa Mbeya, 1911". Stempu inaweza kuwa ya kweli. Tarehe nayo inaafiki stempu. Lakini mji wa Mbeya ulianza kukua katika miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa. Mwaka 1911 hapakuwa na mji huo wa kugonga muhuri. Ama jina limesomwa vibaya, ama muhuri umeghushiwa. Stempu nzima, tarehe inayowezekana na picha iliyo sahihi haviokoi maelezo ambayo mahali pake hapakuwapo.

Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa N.F. Herufi mbili na nukta mbili ni rahisi kuzighushi juu ya stempu ya kawaida ya Nyasaland, ambayo si adimu. Linganisha umbo la herufi na nakala iliyothibitishwa, kisha uulize kama muhuri na tarehe vinaafikiana na mwendo wa majeshi ya 1916 na baadaye.

5. Makosa ya kawaida katika tafsiri

*"Stempu ya mnanaa."* Kosa hili huzaliwa na tafsiri za mashine. Neno la Kiingereza la stempu ambayo haijatumika lina umbo moja na jina la mmea huo. Sema *stempu mpya* au *stempu isiyotumika*. Ikiwa gundi yake ingalipo, sema *yenye gundi kamili*.

*"Kifuniko."* Wakusanyaji wa Kiingereza huita bahasha nzima iliyosafiri kwa neno linaloweza pia kumaanisha kifuniko. Kiswahili kina *bahasha*, nalo linatosha: *bahasha iliyopita posta*.

*"Bandia"* na *"ya kughushi."* Stempu *bandia* ni isiyo halisi tangu mwanzo. Stempu halisi iliyoongezewa chapa au muhuri wa uongo ifafanuliwe: *stempu halisi yenye chapa ya ziada ya kughushi*. Maelezo haya ni marefu, lakini mnunuzi anastahili kuyapata.

*"Stempu adimu"* na *"stempu ya zamani."* Umri si uhaba. Stempu nyingi za 1935 ni za kawaida mno; kibadala kimoja kati yake kinaweza kuwa adimu.

6. Kabla ya kuloweka

Desturi ya kuzamisha bahasha majini ili kubandua stempu imepoteza ushahidi mwingi. Bahasha yenye stempu ya hela na muhuri wa Iringa inaeleza nani alimwandikia nani, barua ilipita wapi, na ilichukua siku ngapi kama kuna muhuri wa kupokelewa nyuma. Stempu ileile ikibanduliwa hubaki na robo ya duara la muhuri na herufi tatu. Zaidi ya hayo, wino wa baadhi ya stempu huchuja majini, na muhuri hufifia.

Kwa hiyo bahasha nzima ihifadhiwe nzima. Iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni wala si juu yake, ilitoka kwa nani na lini. *Mali bila daftari hupotea bila habari*, na methali hii haihusu wafanyabiashara peke yao.

Mpangilio unaofaa wa maelezo ni huu: toleo na mwaka, thamani na rangi, kibadala (karatasi, alama-maji, vitobo, mchoro), chapa ya ziada, muhuri na tarehe, hali. Kwa mfano:

*Afrika Mashariki ya Kijerumani, toleo la meli la 1905, hela 7½, nyekundu, yenye alama-maji. Muhuri wa Iringa, tarehe inasomeka. Meno mawili ya juu yamekatika.*

Sentensi hiyo haina neno la kigeni lisilohitajika, haisifu, na haifichi meno yaliyokatika.

Tazama pia: *bahasha, chapa, hela, muhuri, pesa, posta, rupia, senti*.