Wa 1972: Waliobaki na Waliorudi

Mtu aliyekimbia nchi yake akapokelewa na nchi nyingine, awe mwaminifu kwa ipi? Tuwatazame waliotutangulia.

Mwaka 1972 mauaji yaliikumba Burundi. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania. Kadiri miaka ilivyokwenda, serikali iliwapeleka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ikawapa ardhi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe walilipokea. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajitegemea. Watoto walisoma kwa Kiswahili, lakini nyumbani wazee waliendelea kusema Kirundi na kuwatajia kilima walichotoka.

Mwishoni mwa 2007 ukatangazwa mpango wa kuwauliza: mnarudi, au mnaomba uraia? Karibu watu 8 kati ya kila 10 walichagua Tanzania. Hao ilibidi waukane uraia wa Burundi, maana sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Takribani watu 162,000 walikubaliwa, lakini vyeti walivisubiri hadi 2014, kwa sababu kwanza walitakiwa kuyahama makazi yale. Mpango huo wa kuwahamisha baadaye uliachwa.

Waliorudi nao hawakukuta mteremko. Wengi walikuta shamba la baba linalimwa na mtu mwingine, na watoto wao waliozaliwa Tanzania wakakuta shule inafundisha kwa Kifaransa.

Je, nani alikuwa mwaminifu? Mimi nasema wote. Aliyebaki anapiga kura Tanzania, na habari ya msiba ikitoka Burundi analia kwa Kirundi. Aliyerudi anajenga kwao, na hajaisahau nchi iliyompa jembe. Cheti kinaandikwa nchi moja tu, moyo hauandikwi.

Sisi wa leo hatujaulizwa swali lile, na huenda tusiulizwe. Lakini jirani akijiandikisha kurudi, usimwite msaliti. Na anayetamani kubaki, usimwambie amekana kwao. Mfundishe mwanao jina la kijiji chenu, na umfundishe pia kuwaheshimu waliotupokea.

Tukutane kipindi kijacho. Amani iwe nanyi.