Mionzi asilia katika mawe na udongo wa kujengea

Mawe, mchanga, saruji na matofali huwa na chembechembe za uraniamu, thoriamu na potasiamu ambazo hutoa mionzi kiasili. Wingi wake hutegemea aina ya mwamba: graniti aghalabu huwa nazo nyingi kuliko mawe ya matumbawe yanayojengewa Pwani.

Humu nchini, mfano mashuhuri ni Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale, ambacho miamba na udongo wake una thoriamu nyingi. Nyumba ikikandikwa kwa udongo wa aina hiyo, wakazi wake hupata mionzi usiku na mchana.

Isitoshe, uraniamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikirundikana chumbani huweza kusababisha saratani ya mapafu. Mnamo 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza isizidi bekereli 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Vifaa vingi vya ujenzi havina hatari kubwa. Hata hivyo, madirisha huondoa radoni tu, wala hayazuii mionzi itokayo ukutani. Kinga yake ni kuchunguza chimbuko la mawe na udongo kabla ya kujenga.