Kitenzi Kilichomkataa Mtu

Niliingia kidato cha kwanza na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza niliyorithi kwa dada yangu. Jalada lilikuwa limeng'oka, na kurasa za herufi A hazikuwepo. Kwa miaka saba ya shule ya msingi tulikuwa tumefundishwa kwa Kiswahili. Sasa baiolojia, jiografia na historia zilikuja kwa Kiingereza, zote kwa mpigo. Kila jioni nilikariri maana za maneno kumi.

Neno "suggest" nililijua vizuri: kutoa wazo ili wengine walifikirie. Basi nikaandika kwenye insha, "My sister suggested me to go." Mwalimu alipiga mstari mwekundu, akafungua daftari la mwingine. Nikarudi kwenye kamusi. Maana ilikuwa ileile niliyoikariri. Kosa lilikuwa wapi?

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikisoma shahada ya uzamili, nilipoanza kufuatilia ukoo wa kamusi ile.

Kamusi za mwanzo za Kiingereza ziliandikwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe. Robert Cawdrey, aliyechapisha yake London mwaka 1604, alikusanya maneno magumu tu, yapata 2,500. Mwaka 1755 Samuel Johnson aliongeza mifano kutoka kwa waandishi mashuhuri. Lakini msomaji wake alikuwa mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo. Hakuhitaji kuambiwa kitenzi gani kinakaa na nani.

Aliyehitaji kuambiwa alikuwa mgeni, na kamusi yake ilianzia mbali na Uingereza. Michael West alikuwa amefundisha Bengal, wakati huo chini ya Waingereza. Alijua adha ambayo sisi sote tunaijua: unatafuta neno, maana yake inakupeleka kwenye neno gumu zaidi, nalo linakurudisha ulikotoka. Mwaka 1935 yeye na mwenzake walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu.

Japani nako, Harold Palmer alikuwa amefika mwaka 1922 kuishauri wizara ya elimu kuhusu ufundishaji wa Kiingereza. Miaka miwili baadaye akaja kijana aitwaye A. S. Hornby, kufundisha. Hawa walishughulika na swali jingine: ukishajua maana ya neno, utalitumiaje? Hornby na wenzake wawili walipanga vitenzi katika miundo 25, na kila muundo wakaupa sentensi za mfano. Kamusi yao ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, Japani na Uingereza zikiwa vitani. Hornby alikuwa amewekwa kizuizini vita vilipofika huko, kisha akarudishwa kwao. Mwaka 1948 Oxford wakaichapisha upya, na kizazi chake ndicho kilichofika kwenye begi langu bila jalada.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Kwa Kiswahili husema, "Dada alinishauri niende." Yule "ni" amekaa ndani ya kitenzi, kati ya wakati na mzizi, kama mtoto mgongoni. Nami nilijaribu kumpandisha mtoto huyo kwenye mgongo wa "suggest". Kitenzi hicho hakimbebi mtu namna hiyo. Maana niliyoikariri haikuonya. Sentensi moja ya mfano, "She suggested that I go," ingeonya, nayo ilikuwepo, au mwenzake, chini ya maana ileile, kwa herufi za mlazo. Nilikuwa nairuka kila jioni kwa sababu haikuwa sehemu ya kukariri.

Namkumbuka jirani yangu wa dawati. Alikuwa akitueleza mzunguko wa damu kwa Kiswahili hadi tukauona. Mwalimu akiingia, alinyamaza. Aliogopa kuchekwa. Baada ya kidato cha pili hakurudi. Sidai kwamba kamusi ingemwokoa. Mambo ya nyumbani kwao yalikuwa mengi. Ila yeye aliamini hana akili, na hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba makosa kama yetu ndiyo yaliyowafanya watu wakae miaka Tokyo wakipanga vitenzi. Mgeni wa lugha hakosei kwa upumbavu. Anakosea kwa sababu tayari ana lugha nyingine, nayo ina utaratibu wake.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha kwanza. Kamusi ni ileile, nimeigandisha jalada kwa gundi. Nimemkataza kukariri maana kumi kwa siku. Anachukua maneno matatu, anasoma mfano, kisha anatunga wake kutoka maisha yake. Jana aliniletea daftari: "Mother suggested that we wait for the rain to stop."

Nikamuuliza, mvua ilikatika?

"Haikukatika," akasema. "Tuliondoka hivyohivyo."