Mtima: Neno la Kale na Uhai Wake Katika Ushairi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili huko Kiuu, wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, aghalabu hukutana na neno mtima mahali pamoja tu: ndani ya shairi. Nyumbani pengine husikia Kikuyu, ambamo kiungo hicho huitwa ngoro. Mitaani husikia Sheng. Darasani na redioni husikia moyo. Hata hivyo, katika mitihani ya KCSE, iliyoanza mwaka 1989, mtahiniwa wa ushairi hutarajiwa kujua kwamba mtima ni moyo, na kwamba mshairi aliyelitumia ametumia "msamiati wa kikale". Jibu hilo huwekwa chini ya mada ya uhuru wa mshairi, bega kwa bega na inksari, mazida na kuboronga sarufi.

Makala haya yanachunguza sababu za neno hili kudumu katika ushairi ilhali limetoweka katika mazungumzo ya kawaida ya wasemaji walio wengi. Inadaiwa hapa kwamba umri wa neno peke yake haufafanui uhai wake. Kilicholihifadhi mtima ni kazi maalumu ambayo neno hilo huifanya katika muundo wa shairi, na baadaye shule ikaipokea amana hiyo bila kueleza sababu zake. Inadaiwa pia kwamba istilahi ya ukale, kama inavyotumiwa madarasani, huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani neno lililotoka katika usemi na neno la lahaja iliyo hai.

2.0 Ukale na Ulahaja

Mjadala kuhusu lugha ya ushairi wa kale si mgeni. Edward Steere alipochapisha mashairi ya Liyongo katika Swahili Tales mwaka 1870, aliyaambatanisha na maelezo ya maana yake kwa Kiswahili cha kawaida cha wakati huo. Lugha hiyo ya tungo kongwe iliitwa Kingozi, na tangu hapo imekuwa desturi kuiona kama hazina iliyofungwa ambayo ufunguo wake uko mikononi mwa malenga wachache.

Desturi hiyo ilipata nguvu kutokana na usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake katika elimu na uchapishaji. Lakini tungo kuu za karne ya 18 na ya 19, kama vile Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo (1728), Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na utendi wa Mwana Kupona (1858), zilikuwa zimetungwa kwa lahaja za kaskazini. Kwa hiyo lugha iliyokuwa kitovu cha fasihi andishi ikajikuta pembezoni, na msomaji wa bara aliyefunzwa Kiswahili sanifu akaanza kuuona ugeni wake kuwa ni ukale.

Mifano iko wazi. Mato kwa maana ya macho, na ndiya kwa maana ya njia, ni maneno ya Kiamu ambayo yangali vinywani mwa watu. Vivyo hivyo, kitenzi kilicho katika anwani ya shairi la Abdilatif Abdalla, "Siwati", lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), ni kitenzi cha Kimvita chenye maana ya kuacha. Diwani hiyo ilitungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972. Mtunzi wake hakuwa akifukua lugha ya mababu bali alikuwa akisema kwa lugha ya nyumbani kwake. Mwanafunzi anayeandika kwamba wata ni neno la kikale anamzika msemaji aliye hai.

Kosa la aina hii halikuwapata Waswahili peke yao. Kiwakilishi cha Kiingereza thou hufikiriwa na wengi kuwa kilibaki katika Biblia ya mwaka 1611, sala na mashairi tu. Lakini katika sehemu za kaskazini ya Uingereza, Yorkshire ikiwa mojawapo, kiliendelea kutumiwa katika mazungumzo hadi karne ya 20. Huko nako, kilichoachwa na lugha sanifu kilidhaniwa kuwa kimekufa kila mahali.

3.0 Nasaba ya Mtima

Mtima ni tofauti na mato. Shina lake ni la Kibantu cha kale, na uenezi wake ni mpana: Waganda husema omutima, Wanyarwanda umutima, Wabemba umutima, wasemaji wa Kichewa mtima, na wasemaji wa Kilingala motema. Kwa watu hawa neno hili ni la kila siku. Mwanafunzi wa Kampala akilikuta katika shairi la Kiswahili hulitambua mara moja, ilhali mwenzake wa Kiuu hulazimika kufunua faharasa. Ukale, basi, haumo katika neno lenyewe. Umo katika historia ya jamii inayolisoma.

Moyo nalo ni neno la Kibantu, wala si mgeni aliyempokonya mwenyeji kiti. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili ya asili, kisha kikapokea la tatu, roho, kutoka Kiarabu. Katika mgawanyo wa kazi uliofuata, moyo lilitwaa misemo karibu yote: kufa moyo, kutia moyo, kupiga moyo konde, kujitolea kwa moyo. Hakuna asemaye kufa mtima. Nje ya ushairi, mahali ambapo mtima limeng'ang'ania ni katika neno ambatani mtimanyongo, lenye maana ya husuda na chuki. Hiyo ndiyo dalili ya neno lililotoka katika usemi huru: hubaki limegandamana na jingine.

4.0 Vina na Mizani

Kwa nini basi washairi hawakuliacha? Jibu la kwanza limo katika arudhi. Moyo lina mizani mbili. Mtima lina tatu, kwa kuwa m ya mwanzo huhesabiwa kuwa silabi. Mtunzi anayetaka kipande cha mizani nane akiandika "yamejaa moyoni" amepungukiwa na mizani moja. Akiandika "yamejaa mtimani" kipande kimetimia. Pia moyo huishia kwa -yo, kina kinachopatikana hasa katika virejeshi na vionyeshi. Mtima huishia kwa -ma, na hapo mlango ni mpana: huruma, lawama, karama, neema, daima, salama.

Al-Inkishafi inaunga mkono maelezo haya kwa njia ya kinyume. Mshairi anapousemesha moyo wake mwenyewe, hutumia neno moyo, na wito huo huja mwanzoni mwa mshororo, pasipodaiwa kina. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba watunzi wa kale walitumia mtima kwa sababu hawakuwa na moyo. Walikuwa nayo yote mawili, wakachagua.

Hata hivyo, arudhi haitoshi kuwa jibu kamili. Fundi wa shairi huweza kuijaza mizani iliyopungua kwa njia nyingi. Sababu ya pili ni ya kimaana. Kwa kuwa moyo limeshughulishwa mno na misemo ya ushujaa, hiari na afya, mtima lilibaki wazi kwa mapenzi, majonzi na siri. Neno lililokosa kazi sokoni likapata heshima faraghani. Na watunzi wa taarabu, ambao hufuata vina na mizani, wakalipokea likiwa na heshima hiyo.

Upinzani ulitokea pale masharti yenyewe yalipokataliwa. Katika Kichomi (1974), Euphrase Kezilahabi alitetea lugha ya mazungumzo ya kila siku na kuacha vina na mizani. Alamin Mazrui, ingawa ni mzaliwa wa Mombasa, aliita diwani yake Chembe cha Moyo (1988). Alitumia msemo ulio hai, ambamo mtima halina nafasi. Panapoondolewa arudhi, nguzo mojawapo ya mtima huondoka nayo.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mtima lilidumu kwa sababu lilikuwa na kazi. Madarasa ya Kiuu, Ruiru na Thika sasa ni sehemu ya historia yake, kwani huko neno halina wazazi wala majirani. Lina shairi na mwalimu. Mwalimu akilitaja kama ruhusa ya kukiuka kanuni, mwanafunzi hujifunza kwamba mshairi ni mkosaji aliyesamehewa. Akimtaka ahesabu mizani, alinganishe vina na kuuliza ni nani bado hulisema, mwanafunzi hujifunza kwamba mshairi alipima kabla ya kuchagua. Na akilitenga mtima na mato pamoja na wata, atakuwa amewatendea haki wasemaji wa Lamu na Mombasa, ambao lugha yao haijawa ya kale.